Mikono Nyuma Mjini Lucca

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nchini Italia, kiongozi wa msafara asiye na leseni akinyoosha kidole kuelekea jengo la kale anakamatwa. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba Januari ya Toronto ina baridi. Niliambiwa kuwa askari wa kazi hiyo hawavai sare. Wanavaa kama wauza aiskrimu, kama watawa, kama mabibi wanaolisha njiwa, na kidole chako kikipanda tu usawa wa bega, filimbi inalia, basi lenu linazuiwa, na kundi zima linapelekwa uwanja wa ndege na mabegi yake. Mtalii wa kawaida hana shida, anyooshe hata miguu. Kosa ni la kiongozi. Aliyeniambia alikuwa mwalimu wangu wa kazi, na aliniambia huku akimenya chungwa, bila kucheka. Mtu anayemenya chungwa bila kucheka ni vigumu kumshuku.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mliobaki ofisini, Halima na wenzako, kwa kuwa mmenisumbua niache maneno mawili matatu kabla sijazeeka nikayasahau. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, maana ofisi yetu haikuwa na vyeo. Ilikuwa na viti viwili, na aliyewahi ndiye aliyekaa. Nitawaeleza jinsi uvumi ule ulivyonifundisha kazi, na jinsi ulivyokaribia kumkosesha Bi Zarina kitu alichokivukia bahari, naye alikuwa na safari moja tu mbele yake kabla macho yake hayajazimika.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kanada niliingia nikiwa mtu mzima, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupakia masanduku katika ghala moja kule Rexdale, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita chini kiasi kwamba, ukiwa na macho mazuri, ungeweza kusoma tairi zake zilitengenezwa nchi gani. Nikitoka zamu nilipanda basi la barabara ya Kipling kwenda shule ya usiku kusomea utalii. Darasani tulikuwa watu wa kila bara, wote tumechoka, wote tunanuka kazi zetu: mmoja mikate, mmoja rangi, mimi maboksi. Mwalimu alitufundisha kutabasamu kipindi kizima bila kupumzika. Mashavu yaliniuma mpaka Krismasi. Lakini nilihitimu, na cheti nilikitundika juu ya friji, mahali ambapo hakuna mgeni angeweza kukikwepa.

Ofisi iliyonichukua ilikuwa mtaa wa Downsview, imebanwa kati ya ghala la milango na karakana ya majokofu. Mwenyewe aliitwa Bi Filomena, Mgoa aliyezaliwa Nakuru, anakaa Mississauga, mji wa jirani. Siku yangu ya kwanza alinitazama viatu kabla ya uso. Akasema, "Hivi vitakuua. Nenda kanunue vingine halafu uje tuanze upya." Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini ilidumu dakika chache sana, na ya pili ndiyo ikawa ya kwanza.

Biashara yake ilikuwa rahisi na hakuna mwingine aliyeifikiria. Toronto na viunga vyake vimejaa wazee waliotoka Afrika Mashariki: Waismaili wa Moshi na Kisumu, Wagoa wa Nairobi na Mombasa, na miaka ilivyosogea, wauguzi wa Kikenya waliokaribia kustaafu. Kiingereza wanakijua kuliko mimi. Lakini nyumbani wakisema Kiswahili, watoto wanawajibu kwa Kiingereza. Bi Filomena akaona kwamba watu hawa wangelipa wasafiri pamoja, waongozwe kwa Kiswahili, kwa sababu moja tu.

"Wanataka mtu wa kuwaambia pole wakijikwaa," alisema. "Kiingereza hakina pole. Kina samahani, na mimi sikukusukuma, kwa nini niombe samahani?"

Nikamuuliza kwa nini wapelekwe Lucca, badala ya Roma kama watu wote. Akaniambia Lucca ni tambarare, na mji wote umezungushiwa ukuta mzima usiokatika popote, mpana kiasi kwamba juu yake kuna barabara ya kutembea na miti pande zote. "Mji wenye ukuta ni kama chumba chenye mlango," alisema. "Wazee wangu wakipotea, watapotelea ndani."

Aliyenifunza kazi yenyewe ni Mzee Kaetano, Mgoa wa Mombasa, aliyekuwa amepeleka mabasi ya watalii Niagara kwa miaka mingi hata maporomoko yenyewe nadhani yalimfahamu kwa jina. Mzee huyu hakuwa na maneno mengi. "Choo kwanza, karne baadaye," ndilo lilikuwa somo la kwanza, na nawasihi mlishike. Mtu aliyebanwa hasikii habari za mfalme yeyote. Somo la pili: mwendo wa kundi ni mwendo wa anayetembea nyuma kabisa, na ukimwona anaharakisha ili asikucheleweshe, simama ujifanye unafunga kamba ya kiatu. Nimefunga kamba za viatu visivyo na kamba. Somo la tatu lilikuwa la leseni. Kule, alisema, mwenyeji mwenye leseni ndiye anayeeleza, wewe unafuatana na watu wako na kuwatafsiria. Hilo lilikuwa kweli tupu. Kisha akachukua chungwa akaniongezea habari ya kidole.

"Na mwavuli?" nikauliza. Maana tulibebeshwa mwavuli wa rangi ya machungwa, wa kuinua juu ili watu wakuone.

"Uinue wima, sawa. Ukiulaza kuelekea jengo, mwavuli ni kidole kirefu."

"Na wateja niwaambie?"

"Usiwaambie. Utawatia hofu bure, waanze kumshuku kila mtawa."

Basi, nikakaa na siri yangu.

Mazoezi nilifanyia Mississauga. Wakati wa baridi wazee wengi wa kule huenda kutembea ndani ya moli asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, wanazunguka korido kama saa ya ukutani. Bi Filomena alikuwa na desturi ya kuwakusanya hapo waliojiandikisha, ili miguu izoee na sisi tujue nani atahitaji kiti. Mimi nikawa nawaongoza kana kwamba tumeshafika. Duka la viatu nilisema ni kanisa, mashine ya kutolea pesa nikaifanya kaburi la askofu. Mikono nimeifunga nyuma ya mgongo, najizoeza. Hapo ndipo nilipogundua ugumu wa kazi. Jaribuni wenyewe. Mwambie mtu aangalie kitu kimoja kati ya vitu mia, bila kidole.

Mara ya kwanza Lucca tuliingia kwa lango la San Pietro, tukakuta mwenyeji wetu anatusubiri. Anaitwa Ornella. Mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, anatembea kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Yeye alizungumza Kiingereza kwenye kipaza sauti kidogo, mimi nikafuata kwa Kiswahili, na watu wote wakatusikia kwenye vile viredio vya masikioni mnavyovichukia kwa sababu ya betri zake. Hatua chache tu ndani ya lango alisimama muuza aiskrimu. Akanitazama. Nikaloa jasho mgongo mzima, na ilikuwa asubuhi ya Aprili.

Ikabidi maneno yafanye kazi ya mkono. Tulipofika chini ya ule mnara wenye miti, nilisema, "Simameni. Geukeni mpaka upepo uwapige shavu la kulia. Sasa pandisheni macho polepole kama mnapanda ngazi. Mnaona duka la mikate, juu yake dirisha lenye maua, juu yake dirisha lisilo na maua. Endeleeni. Mnara wa matofali, mrefu. Juu kabisa kuna miti."

"Miti ya kuchorwa?" akauliza mmoja.

"Miti ya kweli. Imeota juu ya mnara kama nywele."

Halafu wote kwa pamoja wakavuta pumzi. Wamefika kwenye miti saa ileile, kila mmoja kwa macho yake. Makundi mengine yaliyokuwa yanaelekezwa kwa kidole yalikuwa yanauliza, "Wapi? Upi? Ule?" Sisi tulishaona, tumeshaondoka.

Nilipobanwa sana nilitumia midomo. Mnajua ninavyosema: unaichongoa, unakinyanyua kidevu kidogo, na mtu wa kwetu ameshajua atazame wapi. Kidole hakijapanda, sheria haijavunjwa. Nyambura, muuguzi mmoja wa Rexdale aliyesafiri nasi zaidi ya mara moja, alinicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mzee Sefu, aki hiyo midomo siku moja itakwama hivyo."

"Ikikwama utanitibu."

"Mimi ni wa figo. Midomo peleka kwingine."

Miaka ikaenda. Nikaujua mji ule kuliko mtaa wangu. Nikajua kwamba lile kanisa la San Michele lina uso mrefu kuliko mwili, kama mtu aliyevaa kofia ya kaka yake. Nikajua kwamba ule uwanja wa umbo la yai, uliojengwa juu ya kiwanja cha michezo cha Warumi, una njia za kutokea zinazofanana, na ndugu wawili wa Mississauga walitoka kwa moja wakarudi kwa nyingine mara nyingi mno hata mhudumu wa mkahawa akadhani ni watu wanane. Ndugu wale ndio walionifundisha kuweka alama za pua: lango la kahawa, lango la ngozi, lango la sabuni. Tangu hapo hakupotea mtu. Nikajua pia kwamba mzee wa Kisumu hali tambi isiyo na pilipili, na ndiyo maana kwenye mfuko wa kazi mtakuta chupa ya pilipili kando ya plasta za malengelenge. Msiitoe.

Jambo moja lilinitia wasiwasi. Kuanzia msimu wa pili au wa tatu niliona Ornella naye ameacha kunyoosha mkono. Anaeleza huku mikono ameifunga nyuma, kama mimi. Nikajiambia, haya, mambo yamekuwa mabaya, sasa hata wenye leseni.

Sasa nije kwa Bi Zarina. Ilikuwa msimu wa kabla ya ule wangu wa mwisho. Alikuja ofisini Downsview ameshikwa mkono na mwanawe Karim, mtu mzima mwenye koti zuri na simu isiyonyamaza. Bi Zarina ni Mwismaili wa Moshi, na maisha yake yote alidarizi: mashela ya maharusi, mito, vitambaa vya meza. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Alinieleza mwenyewe, bila kuomba huruma.

"Nikikutazama usoni, Sefu, huna uso. Nikitazama sikio lako, naona uso kidogo. Daktari anasema na kingo zitaondoka. Labda mwakani."

"Pole, Bi Zarina."

"Ahsante. Dada yangu alikuja na nyinyi zamani, akarudi na habari za mji wenye ukuta wa kuzunguka. Na kwenye nguzo ya kanisa kuu, akasema, wamechonga njia kwenye jiwe, inazunguka na kuzunguka mpaka katikati. Nataka kuujua mji huo wote. Nikiwa sioni tena, nikikosa usingizi, niwe na mahali pa kutembea kichwani. Mji usio na ukuta nitapotea. Huo sitapotea."

Karim alizungumza nami kwa Kiingereza, kwa heshima, na hakuwa mbaya. Alisema mama yake ataishia kukaa mkahawani akishika mikoba ya wenzake. Atajikwaa. Atarudi na huzuni badala ya mji. Kwa nini asibaki na mawazo yake mazuri?

"Karim anaongea vizuri," Bi Zarina akasema kwa Kiswahili, akimgeuzia sikio. "Lakini naye hana uso."

Tukakubaliana hivi: aje kwenye matembezi ya moli. Akiweza kufuata, aende. Akishindwa, arudishiwe nauli yake na yaishe. Asubuhi ile Karim alitembea nyuma yetu na koti lake, anasubiri mama ajikwae. Mimi nikafanya kama siku zote. "Shavu la kushoto lina joto, hapo kuna mashine ya kupasha hewa. Ukutani usawa wa bega lako kuna reli ya mbao. Mbele unasikia maji: chemchemi, duara, ukingo wake unakufika gotini. Juu ya chemchemi mwanga unashuka kutoka paa la kioo." Tulizunguka jengo zima. Mwisho Bi Zarina akasimama, akamwambia mwanawe aende kwenye chemchemi, apite reli ya mbao, ageuke kwenye harufu ya mdalasini, atakuta choo cha wanawake, amsubiri nje. Karim akasema yeye anakuja moli hiyo tangu ana miaka kumi, hakujua kuna choo pale.

Karim akasaini karatasi za safari ya mama yake. Mkono wake uliposaini ulikuwa mzito, nami nikajua ni juu yangu sasa. Nikimrudisha na mji nusu, hakutakuwa na msimu mwingine wa kuukamilisha.

Lucca tulimpitisha polepole. Juu ya ukuta nilimhesabia miti kwa vivuli, maana kivuli alikihisi usoni: baridi, joto, baridi, joto. Nyambura alimshika kiwiko, na wakawa wanabishana kuhusu chai ya wapi ni bora. Malango ya uwanja wa yai aliyashika kwa harufu mara moja. Mnara wenye miti alisema ameuona pembeni ya jicho, "kama mtu aliyeamka vibaya." Kila usiku kwenye chakula alinirudishia mji wote kwa mdomo, kuanzia lango la San Pietro, nami nikamsahihisha pale tu alipokosea, na alikosea mara chache kuliko Ornella.

Tukabakiza nguzo. Siku ya mwisho tulienda kanisa kuu la San Martino. Mchoro uko kwenye ukumbi wa mbele, upande wa kulia, umechongwa kwenye nguzo usawa wa kifua. Ukubwa wake kama sinia la pilau la watu wachache. Na upo kivulini. Bi Zarina alisimama mbele yake akageuza kichwa huku na huku, kama kuku anayetafuta punje, akijaribu kuushika kwa kingo za macho.

"Sioni kitu, Sefu. Kijivu tu. Nieleze."

Nikaeleza. Nilisema unaingia upande wa chini, unakwenda kidogo, unageuka kushoto, unazunguka robo, unarudi. Nikapotea. Nikaanza tena. Unaingia, unageuka, unazunguka nje, hapana, ndani. Maneno yangu, ambayo yalikuwa yamebeba makanisa na minara, yalishindwa na sinia. Hakuna lugha inayoweza kitu kile. Ornella alisimama pembeni, mikono nyuma.

Bi Zarina akasubiri. Kisha akasema taratibu, "Basi nipe njia yenyewe. Chukua kidole changu ukiweke pa kuanzia."

Mnielewe nilivyokuwa. Kunyoosha tu ilikuwa filimbi na basi kuzuiwa. Huku ni kuushika mkono wa mteja, kuunyoosha, kuugusisha jengo la kale lenyewe, mchana kweupe. Niliwaona watu wangu wote wanapanda ndege, na Nyambura akiulizwa Rexdale kwa nini karudi mapema, na Karim anampokea mama yake uwanjani bila kusema kitu, jambo ambalo lingekuwa baya kuliko kusema. Lakini bila hiki, mji wake ungekuwa na tundu. Kila usiku angefika kwenye nguzo hiyo kichwani na kukuta kijivu.

Nikamshika kifundo cha mkono. Nikakitafuta kidole chake cha shahada, kile kilichosukuma sindano maisha yake yote, kikiwa na ngozi ngumu kwenye ncha, nikakiweka kwenye mlango wa ile njia. "Hapa, Bi Zarina. Wewe nenda. Mimi nitasimama."

Akaanza. Nami nikamgeuzia mgongo, nikapanua mabega kumficha, nikaanza kulinda. Uwanjani mbele ya kanisa kulikuwa na mwanamume anakunja gazeti. Bibi mmoja na njiwa. Kisha mlango wa kanisa ukafunguka akatoka mtawa mzee, mfupi, mkoba mkononi, akaja moja kwa moja upande wetu.

Nikasogea mbele. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule ya usiku, "Ni mimi peke yangu. Kundi hili halihusiki, na mama huyu haoni." Nikamnyooshea mikono yangu miwili, vifundo vikiwa pamoja.

Mtawa alitazama mikono yangu. Akatazama uso wangu. Akafungua mkoba, akanitilia peremende kiganjani, akaenda zake.

"Nyamazeni," Bi Zarina akasema nyuma yangu. "Nilidhani nafika, imenirudisha nje tena. Wajinga hawa walijua kazi yao." Kidole kiliendelea, na nilisikia ukucha ukikwaruza jiwe polepole. Nyambura alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, sijui kwa kunicheka mimi au kwa kuguswa na Bi Zarina. Kisha ukucha ukanyamaza. "Hapa," akasema. "Hapa katikati pamelika. Palikuwa na kitu."

"Palikuwa na mchoro wa watu," Ornella akamjibu, nami nikatafsiri. "Vidole vimeufuta. Watu wamekuwa wakifanya hivyo unavyofanya wewe, tangu zamani sana. Na pembeni pana maandishi yanayosema habari ya mtu aliyetoka humo kwa msaada wa uzi."

"Uzi naujua," Bi Zarina akasema. Hakuondoa kidole. Akaanza kurudi nacho nje, bila mimi, bila kupotea hata kona moja.

Ornella akanivuta kando ya nguzo.

"Sefu, ulikuwa unamfanyia nini yule mtawa?"

Nikamwambia yote. Wauza aiskrimu, filimbi, basi, mwavuli kuwa kidole kirefu. Nilimwambia kwa sauti ya chini, maana bibi wa njiwa alikuwa bado pale. Ornella alinisikiliza bila kucheka, na kadiri nilivyosema alizidi kutoa macho nyuma ya miwani.

"Kwa hiyo si desturi yenu," akasema.

"Desturi gani?"

"Ya kutonyoosha. Nilidhani kwenu kunyoosha kidole ni kukosa adabu. Nikawa nafunga mikono nyuma kila mnapokuja, ili nisiwaudhi. Nimewaambia na wenzangu wote wa hapa mjini: wakija watu wa Toronto wa Kiswahili, mikono chini."

Tukatazamana. Tulikuwa tumeshajenga utaalamu mzima, mimi na yeye, misimu yote ile, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake.

"Nani aliyekuambia habari hii ya kidole?" akauliza.

"Mzee mmoja, akimenya chungwa."

Ornella alitikisa kichwa. Akaninyanyua mkono wa kulia kwa kiwiko, taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kuandika, mpaka kidole changu kikawa kimesimama kuelekea mnara wa kengele, juu ya watu wote, kwenye jua.

"Hakuna sheria hiyo, Sefu, wala haijapata kuwapo. Kueleza ndiko kunakohitaji leseni. Kidole mtu yeyote ananyoosha."